Laptopu yako kwenye tundu la printa, saa tisa usiku

*"Shikamoo kaka. Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Wiki mbili kila mwezi naingia usiku, saa mbili hadi saa mbili. Nasoma shahada Chuo Kikuu Huria, kwa hiyo kuanzia saa saba sampuli zikipungua natoa laptopu yangu. Wi-Fi ya wageni haifiki maabara, huku chini ni kama shimoni. Mwenzangu akanionyesha kuchomoa waya wa printa ya majibu na kuuchomeka kwenye laptopu, intaneti inakimbia kuliko hata ya nyumbani. Nimefanya hivyo kama miezi mitatu. Wiki iliyopita kijana wa IT alikuja maabara mchana, akauliza nani mwenye laptopu yenye jina fulani. Hilo jina ni langu, fundi aliyeniuzia ndiye aliyeliandika. Wenzangu walinyamaza. Mimi huwa natumia hali fiche na nafuta historia, sasa wamejuaje? Wanasoma WhatsApp yangu? Nimewahi hata kuingia benki humo. Mwenzangu anasema niweke VPN na nibadilishe jina la laptopu, yataisha. Je, nimetenda kosa la jinai? Nisaidie, Jumatatu narudi zamu."*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kulala na jambo hili kifuani.

Nikikusoma naona unaogopa kwamba kuna mtu amejifungia chumba cha seva anapitia meseji zako moja moja. Hilo nitakuondolea wasiwasi karibu wote. Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, kama si kitu, na ndilo lililonifanya niweke kikombe cha chai chini: ule waya wa printa. Nitafika huko. Kwanza nikuambie wamejuaje.

Laptopu ikichomekwa kwenye mtandao haikai kimya. Kitu cha kwanza inachofanya ni kubisha hodi, kwa sauti ambayo vifaa vyote vya upande ule vinaisikia: mimi mgeni, naomba anwani. Katika hodi hiyo inataja namba ya kadi yake ya mtandao, tarakimu na herufi 12, ambazo 6 za mwanzo kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji. Mara nyingi inataja na jina ililopewa kwenye mipangilio. Seva inayogawa anwani huipa moja, kisha inaandika: saa hii, jina hili, namba hii, imepewa anwani hii. Hakuna mtu aliyekesha akiandika. Rekodi inajiandika yenyewe. Na swichi, lile boksi lenye taa nyingi zinazopepesa ambako nyaya za jengo hukutana, nayo inajua namba hiyo imeingilia tundu la ngapi. Tundu la ngapi maana yake ni chumba gani.

Wewe umeshakwenda ofisi za watu ukakutana na daftari la mlinzi getini: jina, namba ya simu, saa ya kuingia, unamwona nani, sahihi. Mtandao nao una daftari lake, na wewe umelijaza kila usiku kwa miezi mitatu, jina kamili, kwa mwandiko mzuri. Kijana wa IT hakufanya ujasusi wowote. Alisoma daftari. Tena angalia alivyokuja: alikwenda maabara moja kwa moja, hakupita wodini wala famasi kuuliza, kwa hiyo chumba alishakijua. Jina alikuwa nalo. Angetaka kukuchoma angepanda ghorofani kwa watu wa rasilimali watu na karatasi mkononi. Kwa maoni yangu alikuwa anakupa nafasi ya kujitokeza mwenyewe, na huo mlango bado haujafungwa.

Sasa hali fiche, ile ya kofia na miwani. Kazi yake ni moja: ukifunga dirisha, kivinjari hakibaki na kumbukumbu ya ulikopita ndani ya laptopu yako. Ni kinga dhidi ya mdogo wako au mtu yeyote atakayeishika laptopu baada yako. Daftari la getini hailigusi, na kufuta historia hakuligusi pia, ni sawa na kuchana ukurasa wa shajara yako chumbani wakati mlinzi ana nakala yake. Chrome yenyewe ukifungua dirisha hilo inakuandikia kwamba tovuti unazotembelea, mwajiri au shule yako, na kampuni inayokuuzia intaneti bado wanaweza kuona. Ila maandishi yale nani huyasoma? Mkanganyiko huu ulifika hadi mahakamani Marekani. Mwaka 2020 Google walishtakiwa kuhusu data zilizokusanywa watu wakiwa ndani ya hali hiyo, na mwaka 2024, katika mapatano ya kumaliza kesi, wakakubali kufuta rekodi nyingi za aina hiyo. Kwa hiyo usijione mjinga, mko wengi.

Wanaona nini basi? Wanaona jina la tovuti, saa, muda uliokaa, na mzigo uliopita. Ulipoingia benki, mtandao uliona laptopu yako imeuliza njia ya kwenda tovuti ya benki ile, ikakaa pale dakika kadhaa, ikapitisha data kidogo. Salio, nywila, uliyemtumia hela, havionekani, kwa sababu mazungumzo ya laptopu na benki yanafungwa kabla hayajatoka kwenye laptopu na yanafunguliwa kwenye seva za benki tu. Tovuti yoyote ambayo anwani yake inaanza na https iko hivyo. Zile chache za zamani zinazoanza na http bila ile s ziko wazi kama postikadi, humo usiandike nywila hata ukiwa nyumbani. WhatsApp ndiyo kabisa: tangu mwaka 2016 ujumbe hufungwa kwenye kifaa chako na kufunguliwa kwenye kifaa cha mwenzako, hata wenyewe WhatsApp katikati hawasomi. Hospitali inaona kwamba saa tisa usiku uko WhatsApp. Unachomwambia nani, haioni.

Kuna hali moja inayobadilisha jibu hili. Mwajiri anaweza kuweka cheti chake cha usalama ndani ya kompyuta, na kikishakuwepo, kifaa cha ulinzi cha kampuni kinaweza kufungua mazungumzo yale yaliyofungwa, kikayakagua, kikayafunga tena na kuyapitisha. Kwenye kompyuta zake mwenyewe ana uhuru wa kupanga hivyo, na kampuni nyingi hupanga. Kwenye laptopu yako hawezi, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali kusakinisha cheti au programu yao ya usimamizi. Je, umewahi kuambiwa bofya hapa usakinishe ili upate mtandao? Kama hujawahi, pumua. Na utaona sasa kwamba watu wengi wana hesabu ya kinyume. Wanaogopa laptopu zao, halafu wanafungua benki na barua pepe binafsi kwenye kompyuta ya hospitali pale kaunta, wakidhani ile ndiyo salama kwa sababu ni ya kazini. Faragha ni ndogo zaidi pale kuliko kwenye laptopu yako.

Sasa niseme jambo ambalo nimelikuta kwa manesi, kwa wapokeaji wageni wa hoteli, kwa waangalizi wa mitambo viwandani, hata kwa madaktari. Wote huamini kwamba usiku mtandao umelala, hakuna wa kukuona na hakuna unayemsumbua. Sivyo, pande zote mbili.

Mchana hospitali kama yenu ina watu mia mbili kwenye mtandao. Mapokezi, famasi, wahasibu, madai ya bima, wagonjwa na simu zao. Video yako ya somo ni tone ndani ya mto. Lakini fungua ile grafu ya matumizi saa tisa usiku: mstari umelala chini kama sakafu, halafu ghafla katikati yake kuna kilima, saa saba hadi saa kumi, siku ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kisha wiki mbili hakuna kitu, kisha kinarudi. Jicho linakwenda lenyewe. Mimi nikiona kilima chenye ratiba kama hicho siwazi tena kama ni mtu au kirusi. Nachukua karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani, nalinganisha tarehe, kazi imekwisha. Kama ulitaka kujificha, usiku ndio wakati mbaya kuliko yote.

Na mtandao haulali. Kazi nzito ambazo mchana zingewakwamisha watu, sisi watu wa IT tunazipanga usiku makusudi: nakala rudufu za mfumo wa wagonjwa, picha za CT kusafirishwa kwenda kuhifadhiwa, masasisho ya seva. Tuseme hospitali inalipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde na nakala rudufu zinapelekwa nje ya jengo kwa njia hiyo. Laptopu yako, wewe ukisoma PDF yako kwa amani, imegundua kwamba leo kuna intaneti nzuri isiyo na bando la kuisha, basi inajiamulia kushusha apdeti kubwa ya Windows. Apdeti kama hiyo inaweza kufika GB 4. GB 4 ni megabiti 32,000, gawa kwa 20, unapata sekunde 1,600, karibu dakika 27 ambazo kompyuta moja inaweza kulijaza bomba zima kama hakuna aliyeiwekea kikomo. Ongeza na picha zako za simu zinazojipandisha mawinguni. Asubuhi mtu wa IT anakuta nakala rudufu imeishia asilimia 70 na ujumbe mwekundu. Anaanza kutafuta. Nadhani kilima chako kilianza kutafutwa namna hiyo, si kwa sababu mtu alitaka kujua unasoma nini.

Haya, waya wa printa.

Hospitali iliyopangwa vizuri hugawa mtandao wake kama nyumba inavyogawanywa, ingawa ukiangalia nyaya unaona ni zilezile. Kuna sebule, ndiyo Wi-Fi ya wageni: unatoka kwenda intaneti na huoni kitu kingine. Kuna upande wa ofisi. Na kuna chumba cha mashine: vichambuzi vya damu, mashine za picha, printa za majibu, seva wanazozungumza nazo. Mgawanyo huo mara nyingi unafuata tundu la ukutani. Tundu la printa limepangwa chumba cha mashine. Ulipochomoa printa ukachomeka laptopu, hukupata tu intaneti ya haraka, umeivusha laptopu sebule na kuilaza chumbani, ubavuni mwa kichambuzi chako.

Na kile kichambuzi unakijua kuliko mimi. Nyuma ya kioo chake mara nyingi kuna Windows ya zamani ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa, kwa sababu mtengenezaji ameithibitisha ikiwa hivyo hivyo, na fundi wao akija hataki kukuta umeweka hata antivirusi. Inaishi salama kwa sababu imefungiwa chumbani. Laptopu yako inatoka mtaani. Imechomekwa flashi za stesheneri, imeazimwa na wenzako wa chuo, pengine imewahi kupata ile virusi inayogeuza mafolda yote kuwa shotkati. Kama bado ina Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Sikutuhumu. Ndivyo laptopu za watu zilivyo, ya kwangu ya nyumbani watoto wameshaifanyia mambo.

Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilizunguka dunia na kufunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili, ikidai malipo. Walioumia hadharani zaidi walikuwa hospitali za umma za Uingereza. Ukaguzi wa serikali yao ulikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa, na magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. Sisemi iliingia kupitia laptopu ya nesi. Nasema ikishakuwa ndani, haikuhitaji mtu abofye chochote ili ihame. Ilitambaa yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia njia ya kushirikiana mafaili, ikichagua zile ambazo hazijapata kinga iliyokuwa imetolewa Machi mwaka huohuo. Kompyuta za namna gani huwa hazijapata kinga? Zile za chumba cha mashine.

Halafu yenyewe printa. Wakati waya uko kwenye laptopu yako, majibu yanapanga foleni kimya kimya. Wewe unajua, utarudisha waya. Lakini usiku mmoja utaitwa mbio kuchukua damu, waya utabaki hapo, na daktari wa dharura atakuwa anasubiri potasiamu ya mgonjwa wake bila kujua kwa nini haitoki. Kuna na swichi zilizofundishwa kwamba tundu hili ni la printa fulani tu. Zikiona namba ngeni zinalifunga tundu kabisa, na hapo hata ukirudisha waya printa haifufuki mpaka mtu wa IT alifungue kwa mkono wake. Saa tisa usiku huyo mtu yuko Mbagala amelala.

Nilishawahi kuwa huyo mtu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nahudumia hospitali moja, simu ikaita saa kumi na moja alfajiri: mapokezi mfumo haufunguki, foleni imeanza, mtu wa bima anafoka. Nikafika. Kompyuta zetu zote zilitakiwa kuwa na anwani zinazoanza na 10, lakini nusu yake zilikuwa na anwani za 192.168.1, zile za ruta za nyumbani. Nikajua kuna ruta ngeni ndani ya jengo, inagawa anwani zake kwa kila anayebisha hodi, na inamjibu mtu kabla ya seva yetu. Nikaanza kuchomoa tundu moja moja kwenye swichi huku naangalia kompyuta ya mapokezi. Tundu la 17, mambo yakarudi. Nikafuata waya hadi stoo ya famasi, na nyuma ya katoni la dripu nikaikuta, ruta ndogo nyeupe, waya umechomekwa upande usiotakiwa, taa zinawaka vizuri kabisa. Mtu wa zamu ya usiku alitaka kuangalia mpira. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na alikuwa amezima mapokezi, maabara na famasi kwa saa mbili. Nilimjua ni nani. Ripoti niliandika juu ya ruta, na nikaomba bajeti ya kufikisha Wi-Fi ya wageni kwenye vyumba vya zamu. Ilikuja baada ya miezi minne, maana bajeti ni bajeti, lakini ilikuja.

Sasa ushauri wa mwenzako. VPN, programu inayofunika safari yako ya mtandaoni, ni kama kupanda teksi yenye vioo vya tinti: mlinzi haoni unakokwenda, lakini anaandika teksi ya tinti imeingia, imetoka, mara ngapi, imebeba uzito gani. Katika hospitali yenye wafanyakazi mia mbili, teksi ya tinti ikiwa moja tu, umejificha nini? Tena VPN haiondoi kirusi kwenye laptopu yako wala haikutoi chumba cha mashine. Zile za bure umehamisha tu imani yako kutoka kwa mwajiri unayemjua kwenda kwa kampuni usiyojua inaishije. Na kwa hapa kwetu, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwao, ikitegemea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Kuna matumizi halali ya VPN, mojawapo ni ile ambayo mwajiri mwenyewe anakupa ufanyie kazi ukiwa nyumbani. Hii yako si mojawapo. Kubadilisha jina nako ni kazi bure kwa sababu namba ya kadi inabaki ileile, na kutaharibu kitu ambacho bado unacho: sasa hivi unaonekana mtu aliyekuwa hajui. Ukibadilisha jina baada ya kuulizwa, utaonekana mtu anayeficha.

Kuhusu jinai, mimi ni mtu wa nyaya, si mwanasheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila uhalali, kwa hiyo neno "ruhusa" lina uzito, usilichukulie kirahisi. Lakini mfanyakazi aliye kazini, aliyechomeka laptopu asome, bila kugusa taarifa za mtu, nimeona jambo lake likiishia kwenye nidhamu ya kazi, mara nyingi kwa onyo. Nisikilize vizuri hapo niliposema bila kugusa taarifa za mtu. Kama ndani ya laptopu hiyo kuna karatasi ya Excel ya majibu uliyoihamisha "nimalizie nyumbani", au picha ya majibu uliyompigia daktari, hilo ni jambo jingine na zito zaidi kuliko intaneti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukiwa nazo, usizifute kimya kimya. Mwambie mkuu wako wa maabara zilivyofika huko, ziondolewe kwa utaratibu. Sheria hiyohiyo inambana na mwajiri: daftari analokuandika awe na sababu halali ya kuliweka, na wewe una haki ya kuuliza wanahifadhi nini juu yako.

Nikuulize na mimi: mkuu wako anajua unasoma zamu ikipoa? Maana hata intaneti ingekuwa yako mwenyewe, saa zile bado ni za kazi. Wakuu wengi wa maabara hawana neno mradi sampuli haikusubiri. Ila aseme yeye.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu ipite. Mtafute yule kijana wa IT mchana, kabla ya zamu, mwambie: ile laptopu ni yangu, nilikuwa naichomeka kwenye tundu la printa, sikujua uzito wake, nimeacha, nina shida ya mtandao wa kusomea, nifanyeje? Usimtaje mwenzako aliyekuonyesha, hilo ni lake. Kisha omba kimojawapo cha viwili: Wi-Fi ya wageni isogezwe hadi maabara, ambayo kwa mtu wa IT ni kifaa kimoja na waya mmoja, au laptopu yako ikaguliwe, isajiliwe na kuwekwa upande wa wageni. Wakikubali, omba waandike hata kwa barua pepe ya mistari miwili. Ruhusa ya mdomo inahama kazi pamoja na aliyeitoa.

Wakati unasubiri, tumia bando lako. Najua huko chini mtandao wa simu unasuasua, lakini jaribu kuweka simu karibu na dirisha au mlango wa korido, uwashe hotspoti, laptopu ishike kwa Wi-Fi. Kwenye mipangilio ya laptopu iambie muunganisho huu una kikomo cha data, la sivyo ile apdeti ya GB 4 itakula bando lote kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Na laptopu iliyo kwenye hotspoti isichomekwe waya wa hospitali wakati huohuo, maana hapo umejenga daraja kati ya mtaa na chumba cha mashine. Bora zaidi, shusha masomo nyumbani kabla ya kutoka, video na PDF za wiki nzima, kazini uje usome bila mtandao. Wanafunzi wangu wa zamani waliokuwa walinzi walimaliza diploma namna hiyo, na walikuwa wanasoma zaidi kuliko wenye intaneti, kwa sababu ambazo wewe mwenye WhatsApp saa tisa usiku unazijua.

Kuna hali ambazo majibu ya mbali kama haya hayatoshi. Kama laptopu inajifungulia matangazo, imekuwa nzito ghafla, au mafaili yamebadilika majina, usiichomeke popote. Ipeleke kwa fundi unayemwamini, umwone akiikagua. Kama kompyuta yoyote ya hospitali itaonyesha ujumbe wa kudai malipo ukiwa zamu, chomoa waya wake wa mtandao, usiizime, na umpigie mtu wa IT saa hiyohiyo, hata awe Mbagala. Na ukipewa barua ya kujieleza, usiijibu siku hiyo kwa hasira. Nenda ukaonane ana kwa ana na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama mnacho, au wakili, ukiwa na nakala ya sera ya TEHAMA ya hospitali. Uliza kama uliwahi kupewa na kuisaini. Mambo yakifika mbali hadi kuachishwa, una siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo hukimbia. Sioni yakifika huko.

Ukifika Jumatatu, kabla hujavaa koti, hakikisha waya uko kwenye printa, angalia kitaa cha kijani pale waya unapoingia kinawaka, kisha toa karatasi moja ya majaribio. Isipotoka, zima printa, hesabu hadi kumi, washa. Isipotoka tena, huenda tundu limefungwa, na hilo ndilo la kwanza la kumwambia yule kijana.